Siku Niliyokwenda Kumtetea Rukia

Uvumilivu uliniisha pale Rukia, binti yangu wa darasa la tano, alipofika nyumbani Kibokoni akakimbilia chooni na mkoba mgongoni. Vyoo vya wasichana shuleni kwao havina komeo, na wavulana huisukuma milango wakacheka, basi mwanangu hubana mkojo kutwa. Siku hiyo alikuwa amelitaja jambo hilo kwenye baraza la wanafunzi, mwalimu akamwambia akae kitako.

"Akae kitako? Kwani mtoto hana haki ya kusema?" Nami nimesoma hadi kidato cha nne, simwogopi mwalimu. Kesho yake nikajitupia buibui, nikaivamia shule.

Nilikuta baraza limekutana. Rukia mwenyewe alikuwa amesimama mbele, lakini hasira zilikuwa zimenifumba macho. Nikaanza kufoka: mtoto ana sauti, mtoto asikizwe, nyinyi walimu mwaogopa nini?

"Mama..." Rukia akaninong'oneza.

"Nyamaza! Huoni wakubwa wanazungumza?"

Mwalimu akasema taratibu, "Mama Rukia, jana muda ulituishia, tukakubaliana aendelee leo. Ndiyo kwanza alikuwa anafungua mdomo."

Rukia alikuwa ameinama, machozi yamdondoka. Mimi jasho lanitoka ndani ya buibui, mtetezi wa haki za watoto!

Mwenyekiti wao, msichana wa darasa la saba, akaniuliza kwa adabu, "Mama, tuandike una malalamiko gani?"

"Andika," nikamwambia, "mtoto amenyimwa haki ya kusema barazani. Aliyemnyima ni mamake."