Jezi Aliyoificha Izora Tarver

Simu ya ofisi ya michezo ya Chuo cha Tillery ilimkuta Izora Tarver jikoni, akimenya viazi vitamu vya kutengenezea pai. Binti aliyepiga alikuwa na furaha tele. Alimwambia kwamba Jumamosi ya wiki ijayo, siku ambayo wahitimu hurudi kuona mechi, chuo kitastaafisha namba thelathini na nne, jezi ya Kelvin Mabry. Itawekwa ndani ya kioo pale mlangoni pa uwanja, na hakuna mchezaji atakayeivaa tena. Na kwa kuwa Bi Izora ndiye aliyeifulia timu kwa miaka thelathini na moja, ametengewa kiti mstari wa mbele, pamoja na nyota wote wa zamani.

Izora alishukuru, akakata simu, akakaa. Mtu angeingia wakati ule angedhani ameletewa habari za msiba.

Mji mzima wa Mount Orrin, kule Alabama, uliijua namba ile kuwa ya Kelvin. Watoto waliivaa shuleni, wazee waliichora kwenye vioo vya magari. Aliyejua kwamba iliwahi kuwa ya mtu mwingine alikuwa Izora peke yake.

Mwaka 1967 alikuwa na miaka kumi na tisa, na kazi yake ilikuwa chini ya jengo la mazoezi, katika chumba kisicho na dirisha chenye mashine mbili za kufulia na pasi ya mvuke. Linwood Beasley, aliyevaa thelathini na nne, alikuwa mkimbiaji katika mpira wa Kimarekani: anapewa mpira, anaukumbatia kifuani, anakimbia nao mpaka aangushwe. Hakuwa nyota. Aliangushwa mapema kuliko wenzake, na mara nyingi aliingizwa uwanjani mechi ikiwa imeshaamuliwa. Lakini kila Jumatatu alishuka kule chini na jezi iliyochanika mkono. Wiki ya tano Izora aliutazama vizuri ule mchaniko, akauona umenyooka kama umepigwa rula. Akamuuliza ni timu gani hiyo inayocheza na wembe mkononi. Linwood alicheka mpaka akaegemea mlango, na tangu siku hiyo hakuchana kitu tena ili apate sababu ya kushuka.

Msimu wa pili, mwezi wa Oktoba, ikaja habari kwamba baba yake amepooza upande mmoja na pamba bado iko shambani. Linwood alikaa juu ya kapu la taulo, akamuuliza Izora afanye nini. Izora akamwambia aende, baba ni baba, chuo atakikuta Januari. Alisema hivyo kwa sababu ndivyo binti aliyelelewa vizuri anavyotakiwa kusema. Moyo wake ulikuwa unasema jingine kabisa. Linwood akamkabidhi jezi, akapanda basi la saa tisa.

Miaka ile kijana akiwa chuoni jeshi lilimwacha kwanza, akitoka, lilimchukua. Januari ilipofika Linwood alikuwa kambini. Zilimfikia Izora barua sita kutoka Vietnam, kisha kimya. Habari zenyewe Izora alizipata kanisani, mchungaji alipokuwa akisoma majina ya kuombewa: Linwood Beasley wa Sardis Fork, amepotea vitani, hajulikani alipo. Wanajeshi walikuwa wamempelekea karatasi mama yake, na hiyo ilikuwa haki. Yeye hakuwa mke, hakuwa hata mchumba wa kutambulishwa. Jumatatu alirudi kazini akafua soksi za timu nzima.

Alingoja mama yake Linwood amwite. Hakuitwa. Kwenda mwenyewe hakuthubutu, maana angefika mlangoni aseme nini? Kwamba yeye ndiye aliyemwambia kijana wao atoke chuoni?

Jezi aliikunja akaitia kwenye droo ya chini, akamwambia mtunza vifaa kwamba ameiunguza kwa pasi. Wakashona mpya kwa namba nyingine. Thelathini na nne ikalala miaka kumi na miwili.

Siku ilipotoka ilikuwa Agosti, joto la kuyeyusha mtu, na wachezaji wapya walipanga foleni chini kuchukua jezi. Wa mwisho alikuwa kijana mrefu, mwembamba, jina lake Kelvin Mabry. Alipofika mlangoni jezi zilikuwa zimekwisha. Izora akamwambia arudi kesho. Kijana akasema haina shida, labda ni ishara tu, mama yake yuko peke yake kule nyumbani, na basi la saa tisa bado hajalikosa. Alikuwa anaongea huku anatazama viatu vyake. Izora akamwambia asubiri, akaenda akaifungua droo.

Yaliyofuata yanajulikana. Kelvin alikimbia miaka minne, akavunja kila rekodi ya Tillery, akaenda kucheza kwenye timu za kulipwa kaskazini miaka tisa. Na Izora, kila Jumamosi ya vuli, alikaa mstari wa sita karibu na lango akitazama mgongo wa yule kijana. Usoni alikuwa Kelvin. Akigeuka, namba ile ikipanda na kushuka mgongoni, alikuwa mtu mwingine, na Izora hakumwondolea macho mpaka filimbi ya mwisho. Wakati huo alikuwa ameshaolewa na Hosea Tarver, fundi bomba wa chuo, mwanaume mpole ambaye Izora alimwambia yote kabla ya ndoa. Hosea hakuwahi kwenda uwanjani. Mara moja tu, akila chakula cha jioni, alisema bila ukali, "Wewe siku za wiki ni mke wangu. Jumamosi sikudai." Hosea sasa alikuwa na miaka minne kaburini, na Izora alikuwa na sitini na sita.

Alhamisi, siku mbili kabla ya sherehe, Kelvin Mabry alikuja kumsalimia. Alipanda ngazi za baraza moja moja, maana magoti yalikuwa yamekwisha kazi, akambusu shavuni, akaketi jikoni akapewa kambare wa kukaanga na mkate wa mahindi. Nywele za pembeni zilikuwa nyeupe. Walizungumza habari za mama yake, za watoto, za kocha aliyefariki. Kisha akafuta mikono, akasema kwamba kwenye hotuba yake atamtaja.

Ilikuwa hadithi aliyoisimulia kwenye kila hafla kwa miaka thelathini. Jinsi mfuaji wa Tillery alivyoificha jezi moja akimngoja atakayestahili kuivaa. Jinsi alivyomtazama mtoto wa shamba aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni, akamwona alivyo, akaifungua droo. Kocha ndiye aliyempa habari za droo. Mengine aliyaunga mwenyewe.

Izora aliisikiliza mpaka mwisho. Angeweza kunyamaza, kama alivyonyamaza miaka yote. Lakini jezi ilikuwa inakwenda kufungiwa kwenye kioo na jina moja tu, na uongo huu nao ungefungiwa pamoja nayo.

"Kelvin," alisema, "sikuwa nakungoja wewe."

Akamweleza yote: wembe, pamba, barua sita, mchungaji akisoma majina. Hakulia. Alikuwa amelia zamani, na kwa mafungu. Kelvin aliweka uma chini.

"Kumbe hukuona kitu kwangu," alisema baadaye. Alijaribu kutabasamu. "Mimi nikishindwa, nikiumia, nikikaa benchi huko kaskazini, nilikuwa najiambia kuna mama mmoja Mount Orrin aliniona kabla ya wote. Ndiyo ilikuwa inaniinua. Kumbe jezi zilikwisha tu."

Izora aliona kwamba amemnyang'anya mtu kitu, na hakuwa na cha kurudisha ila ukweli uliobaki.

"Niliona mtoto anataka kupanda basi la saa tisa," alisema. "Wa kwanza nilimwambia apande. Wewe sikutaka upande. Mpira sikuufikiria hata kidogo, mwanangu. Nilitaka ubaki."

Kelvin akasema kwamba Jumamosi atamtaja Linwood mbele ya watu wote. Izora akakataa. Alisema yule ana ndugu zake, na jina la marehemu si la mtu wa pembeni kulitangaza kwenye vipaza sauti; arobaini na sita ni miaka mingi, lakini haikumfanya kuwa wa ukoo.

"Basi tukawaombe wenyewe," Kelvin alisema. "Kesho. Nitakupeleka."

Usiku ule Izora alijiambia mara tatu kwamba asubuhi atasema anaumwa. Asubuhi alivaa gauni la kanisani.

Sardis Fork ilikuwa mwendo wa saa moja tu. Hilo ndilo lililomuuma njiani: saa moja, na hakuwahi kwenda. Karani wa posta aliwaonyesha nyumba ya Earlene, dada yake Linwood, wa mwisho kati ya wale watoto wa Beasley. Mama alikuwa amefariki mwaka 1991. Earlene alifungua mlango akiwa na aproni, mwanamke mnene mwenye macho ya kupima watu. Alimtambua Kelvin mara moja, kwa sababu nani Alabama asingemtambua. Akamuuliza kama amepotea njia.

Kelvin akasema aliyekuja na shida ni huyu mama, yeye ni dereva tu. Izora akataja jina lake, lile la kabla ya kuolewa, akasema kwamba zamani alikuwa anafanya kazi ya kufua nguo kule Tillery.

Earlene alimtazama tangu kofia mpaka viatu.

"Wa kule chini," akasema hatimaye. "Wa jezi."

"Ndiye mimi."

"Mama alikungoja sana wewe."

Izora akashika nguzo ya baraza. Earlene akamwingiza ndani, akamketisha, akamletea maji, na maneno yakamtoka taratibu, mengine ya lawama. Linwood alikuwa amewaandikia habari zake katika kila barua. Habari mbaya ilipokuja, mama yao alikuwa na hakika yule binti atafika tu. Kila Jumapili kwa mwaka mzima aliweka sahani moja ya ziada, watoto wakicheka kwa kificho. Kutuma mtu hakutaka. Alisema labda binti ameshapata mwingine, na si vizuri kumbana mtu kwa ajili ya asiyekuwepo. Baadaye akaacha kuweka sahani.

"Na mimi nilikuwa nangoja aniite," Izora alisema.

"Mlikuwa wakaidi wawili," Earlene alisema, ila mkono wake ulikuwa begani kwa mgeni.

Izora akasema lile lililomtoa nyumbani na lililomzuia miaka yote: kwamba yeye ndiye aliyemwambia Linwood aache chuo arudi. Earlene akashusha pumzi. Akasema Linwood asingebaki chuoni hata angefungwa kamba, wakati baba yake analishwa kwa kijiko. Alikuwa ameshamwandikia mama kwamba anakuja kabla hajamuuliza mtu yeyote. Barua ile ilitangulia basi kwa siku mbili.

Izora alilitafakari hilo. Kwa hiyo pale juu ya kapu la taulo Linwood hakuwa anaomba ushauri. Alikuwa ameshaamua, na huenda alichokuwa anataka ni kusikia mtu mmoja akimwambia asiende. Hakujua kama hilo linampunguzia mzigo au linamwongezea.

Mchana walikula. Earlene aliwaonyesha jiwe nyuma ya kanisa, lenye jina na tarehe moja tu, chini yake udongo mtupu. Kelvin akavua kofia, akaomba ruhusa aliyoijia. Earlene akasema amtaje, lakini asimfanye shujaa wa mpira. Mama yao hakupenda uongo, na kila mtu nyumbani alijua Linwood alikuwa anaangushwa kila dakika.

Jumamosi Earlene mwenyewe alikuja, na kofia ya zambarau iliyowaziba watu wa nyuma. Izora alimpa kiti cha mbele upande wake. Nyota wa zamani waliitwa mmoja mmoja, wanene, wenye fimbo, wakipunga mikono, na bendi ikawapigia. Kelvin alipoitwa watu walisimama. Hakusimulia hadithi yao waliyoizoea. Alisema namba hii aliazimwa. Aliyeivaa kabla yake alikuwa Linwood Beasley wa Sardis Fork, aliyecheza msimu mmoja na nusu akaenda kumsaidia baba yake, akachukuliwa jeshini, hajarudi hadi leo. Akasema wafuaji wa Tillery huwa wanatunza zaidi ya nguo. Kisha akasita, kama aliyekuwa na lingine, akarudisha kipaza sauti.

Wengi hawakuelewa vizuri. Walipiga makofi kama wanavyopiga kwa kila kitu siku hiyo, wengine wameshika sahani za nyama choma. Lakini jina lilikuwa limepita juu ya uwanja ule, juu ya vichwa elfu tisa, na Izora alilisikia likirudi kutoka ukuta wa mbali. Earlene alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani, midomo ameikaza.

Mechi ikaanza. Vijana wakaingia wakikimbia, migongo yao yote ikiwa na namba, na macho ya Izora yakazunguka yenyewe, safu kwa safu. Thelathini na tatu. Thelathini na tano. Alizunguka tena, ingawa alijua.

Waliondoka wakati wa mapumziko, kwa kuwa Earlene hakupenda kuendesha gari gizani. Izora alimsindikiza mpaka kwenye maegesho. Earlene aliingia, akafunga mkanda, akashika ufunguo lakini hakuwasha. Bendi ilisikika kwa mbali.

"Alikuwa anakula vizuri huku?" aliuliza. "Mama alikuwa hasinzii kwa ajili hiyo."

Izora aliinama kwenye dirisha la gari. Akamwambia ndiyo, alikuwa anakula vizuri, na aliwasumbua sana wapishi kwa kuomba maharage ya ziada. Earlene akaitikia kwa kichwa polepole, akamwambia apande upande wa pili, amsimulie.