Maua ya Mei Mlangoni kwa Thirza

Thirza Hollick alikuwa na miaka tisa mvua ilipomkuta akikata maua ya Mei, yale meupe ya kwenye michongoma, kwa ajili ya koja ambalo watoto wa Wixcombe hulizungusha nyumba kwa nyumba siku ya kwanza ya mwezi huo. Kijiji kizima kinajua kwamba maua hayo hayaingizwi ndani, yanaleta kifo. Lakini yangeharibika, naye mtoto, akayaficha jikoni. Siku ya nne mama yake akafa kwa homa ya uzazi, akamwacha Enoch kichanga. Pale pale msibani, mbele ya watu, shangazi yake akamwambia kwamba ndiye aliyemuua mama yake. Mwanamke yule alikuwa na ulimi mbaya, Mungu amrehemu, na hakuna aliyemkanya.

Thirza akamlea Enoch, hakuolewa. Kila mwaka alisuka koja la kijiji, lakini bandani, hata baridi iume vipi, na ole wake mtoto aliyesogea mlangoni kwake na maua. Bwana mmoja wa mjini, mkusanyaji wa mila za zamani, alikuja na daftari lake akamuuliza asili ya mwiko ule: ni wa Warumi, au wa kale zaidi?

“Mimi najua wa mama yangu tu,” akajibu, akaendelea kusuka. Yule bwana hakuandika kitu.

Enoch alipofikisha miaka hamsini na sita, kifua kikamlaza kitandani mwishoni mwa Aprili. Michongoma ikachanua. Akaomba aletewe tawi moja tu, anuse.

“Dada, hata usipoleta nakufa.”

“Sio kwa mkono wangu.”

“Uji wako umeshindwa kuniua miaka yote hii, maua yataweza?” Akacheka mpaka akapaliwa.

Asubuhi ya koja Thirza alikata tawi, akafika nalo kizingitini. Miguu ikagoma. Alisimama hapo akimsikia ndugu yake akikohoa, watoto wakapita wakiimba, kikohozi kikanyamaza. Akalidondosha tawi, akaingia mikono mitupu. Enoch alikuwa amekufa, uso ameuelekeza mlangoni. Mimi simlaumu Thirza, lakini inaniuma mpaka leo.

Baada ya mazishi majirani walimsindikiza hadi mlangoni, wakaondoka. Tawi lilikuwa bado kizingitini, limenyauka. Thirza akaliokota, akaingia nalo, akalitia kwenye jagi la maziwa juu ya meza, kisha akavuta kiti akakaa mbele yake. Ndani ya nyumba ile alikuwa amebaki yeye tu.