Uvimbe Wenye Haukubonyea

Mimba ya yaya, dada yangu mukubwa, ilipofika miezi tano, miguu yake ilivimba, na mimi nikapata muchezo. Nilikuwa ninabonyeza kidole juu ya muguu, kashimo kanabaki, ninahesabu mpaka kafutike. Alikuwa ananifukuza na kambambili, ile ndala yake.

Lakini kwenye paja la kushoto kulikuwa uvimbe mwingine, mukubwa kama yai la bata. Maman yetu alisema ni mimba tu. Akamupeleka mutaa wa Kadutu kwa mwanamuke mwenye kukanda mifupa, akasuguliwa na siagi ya ng'ombe wiki mbili. Kwetu, kila kitu chenye kuvimba ni cha kukanda. Mimi nilisema pengine kuna pacha, amekimbilia pajani sababu tumboni nafasi imekwisha. Hakuna mwenye alicheka.

Siku moja nikabonyeza pale pia. Hakuna kashimo. Nikarudi kwenye muguu: kashimo. Paja: hakuna, pagumu tu, na yaya hakusikia maumivu. Nikamwambia maman kama hivi si kitu kimoja. Akanituma nikasome. Yaya mwenyewe ndiye alifunga kitenge, akasema twende hospitali.

Daktari, mwanamuke mufupi, alikataza kwanza mutu yeyote kukanda tena, sababu kama pale ni pabaya, kukanda kunaweza kusambaza ugonjwa mwilini. Akaangalia na ekografi, mashini ya kuona ndani ya mwili bila miale, halafu akatia ganzi na kutoa kipande kidogo na sindano nene. Niliuliza kama mutoto wa tumboni atasikia. Akajibu hapana, ganzi inabaki pajani. Na kama ni kansa, inaweza kumuingia? Akasema ni mara chache sana.

"Unataka kuwa munganga, ao unataka tu kunichokesha?"

"Vyote viwili, docteur."

Majibu yakasema: kansa ya nyama ya paja, haijafika kwenye mufupa. Maman akakaa chini.

"Docteur, tutachagua nani sasa? Mama ao mutoto?"

"Hatuchague. Kwa miezi hii tunaweza kumupasua na mimba ikabaki. Kungoja azae, pale ndio tunaweza kupoteza muguu, hata yeye. Matibabu ya miale ya kuua kansa ndiyo yatangoja mpaka azae."

Walimupasua siku ya ine ya wiki, asubuhi. Alipoamka aliulizia mutoto. Muuguzi akaweka kifaa tumboni, tukasikia moyo unakimbia mbiombio. Halafu yaya akanivuta karibu, akauliza polepole kama muguu uko. Nilikuwa na utani tayari mudomoni. Nikaumeza. Nikafunua shuka, akaangalia, akachezesha kidole kikubwa.