Jina Ambalo Sikuliandika

Kaka yangu alikuwa fundi redio pale Issuna tangu mimi niko shule ya msingi. Baba alifariki nikiwa darasa la nne, na kuanzia hapo kaka ndiye aliyenilea. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, karibu na soko, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo na harufu ya lehemu iliyoyeyuka. Nilisoma kwa kazi ya mikono yake mpaka nikamaliza chuo, nikaajiriwa na halmashauri kuwa afisa mazingira. Siku niliyomletea barua ya ajira aliisoma mara mbili akiwa amesimama, akaikunja vizuri, akanirudishia, kisha akatoka kwenda kukamata jogoo. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

Miaka ikaenda, redio zikapungua. Watu wakawa na simu, na simu ikishakufa kabisa mwenyewe huwa haifuati. Kaka alitoa vifaa vilivyokuwa bado vinafaa, bodi zake akazitupia kwenye viroba nyuma ya kibanda. Msimu mmoja wa palizi akaja mtu aliyetoka kwenye machimbo ya dhahabu, simu yake imeingia maji. Alipokuwa anasubiri akaviona vile viroba, akamwambia kaka kwamba amekalia mali bila kujua. Alimweleza kuwa zile sehemu zinazong'aa kwenye bodi zimepakwa dhahabu ya kweli, na kwamba ukizilowesha kwenye tindikali wanayosafishia dhahabu kule machimboni, madini mengine yote huliwa, dhahabu ikabaki.

Nilipokwenda nyumbani Pasaka nikakuta ameshajifunza. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku ananivuta mkono kunipeleka nyuma ya nyumba, kwenye jabali linalokinga upepo. Palikuwa na beseni la plastiki, madumu mawili, na mahali peusi alipokuwa anachomea nyaya ili ibaki shaba tupu. Akafungua kikaratasi alichokuwa amekihifadhi kwenye mfuko wa shati. Ndani kulikuwa na punje moja ya dhahabu, ndogo kama ya ulezi.

"Shika," akasema. "Hii imetoka kwenye simu zilizokufa."

Niliishika. Sikuwahi kumwona amefurahi vile tangu nimjue. Nilimuuliza kuhusu moshi wa ile tindikali, akasema moshi unakwenda na upepo, na Singida upepo tunao. Tulicheka wote wawili, na wifi yangu aliyekuwa anapepeta mtama pale karibu akacheka pia.

Baadaye kidogo niliitwa Dodoma kwenye semina ya kanuni za taka za kielektroniki. Tulielezwa kwamba serikali inataka madini yaliyomo kwenye simu, kompyuta na televisheni zilizokufa yarudishwe kwenye matumizi, ila yatolewe kwenye viwanda vyenye mitambo ya kazi hiyo. Mtu asikusanye wala kubomoa vitu hivyo bila kibali. Asichome nyaya wala kutumia tindikali nyumbani. Tulionyeshwa picha za watu walioungua vifua kwa kuvuta moshi wake. Niliyakubali yote, na mpaka leo nayakubali. Nilirudi na kabrasha langu nikijua kijiji kitakachonipa shida.

Kazi yangu ilikuwa kuzisoma kanuni zile kwenye mikutano ya vijiji. Issuna nilikwenda wiki ya tatu. Kaka alikuja na shati lake la kanisani, akakaa mbele. Nilipomaliza kusoma alinyoosha mkono.

"Afisa, tumekusikia," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Sasa hizo bodi tuzipeleke wapi?"

"Kwa mkusanyaji mwenye kibali."

"Yuko wapi?"

Nilisema kwamba wilayani kwetu bado hajapatikana, ninaowafahamu wako Dar es Salaam. Nilitegemea watu wacheke. Hawakucheka. Mwenyekiti akafunga mkutano.

Mkuu wangu wa idara alikuwa ameagiza nirudi na orodha ya wanaoifanya kazi ile, ili wafuatwe na vifaa vyao vichukuliwe. Pale kijijini walikuwa watatu: muuza vipuri vya pikipiki, jirani yake aliyekuwa anachomelea mageti, na kaka, ambaye ndiye aliyewafundisha wenzake. Nilikaa kwenye ofisi ya kijiji nikaandika jina la kwanza, nikaandika la pili. Namba tatu niliiandika, nikaitazama, nikaifuta kwa kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Sikumwacha hivi hivi. Jioni ile nilizungumza naye. Nilimweleza kuhusu zile picha za vifua, nikamwomba aache. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mimi ndiye niliyesoma na yeye hawezi kubishana na mimi, anaomba tu amalizie viroba vilivyobaki. Nikasema sawa. Ni neno dogo sana, lakini nililisema mimi.

Wenzake walifuatwa, mabeseni na madumu yao yakachukuliwa. Walikasirika, wakasema kwamba afisa amemficha ndugu yake, na hawakukosea. Kaka akaambiwa maneno hayo sokoni. Sikujua kwamba ameambiwa. Mimi nilikuwa mjini, nikaamini viroba vimekwisha.

Ilikuwa wakati wa kupiga alizeti. Wifi anasema kaka alitoka ndani ya tembe la baba, nyumba ya zamani ya udongo, akiwa anakohoa, macho yanamtoka machozi. Akanawa uso, akasema ni kawaida, yatapita. Jioni alikula vizuri na watoto. Kesho yake asubuhi alishindwa kuvuta pumzi, wakamkimbiza hospitali Singida mjini. Nilipofika nilikuta daktari ameshamuuliza wifi mgonjwa anafanya kazi gani, na wifi amejibu ni fundi redio. Nikamvuta daktari pembeni, nikamweleza habari za tindikali, tangu ilipoanza. Aliandika bila kuinua kichwa. Sijui kama angeambiwa mapema ingesaidia. Sikumuuliza, naye hakuniambia.

Kaka alikuwa amewekewa oksijeni. Aliponiona alisogeza ile barakoa kidogo.

"Usiharibu kazi yako kwa ajili yangu," akasema.

Nilimrudishia barakoa usoni. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Alifariki siku ya tatu, mchana, wifi akiwa ametoka kwenda kumletea uji.

Tulimzika Issuna, pembeni ya baba. Yule mchomeleaji mageti alikuja na koleo lake. Baada ya katekista kumaliza sala, na watu wakiwa wanafukia kwa zamu, alisogea niliposimama. Nilijiandaa kwa matusi, maana nilistahili.

"Siku ile nilikuchukia," akasema polepole. "Uliniandika mimi. Yeye kwa nini hukumwandika?"

"Alikuwa kaka yangu."

Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia, akarudi kaburini kupokea zamu yake. Kifua chake kizima, mikono yake mizima. Nilimtazama akifukia mpaka akina mama wakanikalisha kwenye mkeka.

Siku tulipomaliza matanga nilimwambia wifi mimi mwenyewe. Alikuwa anapanga nguo za marehemu za kugawia ndugu. Nilimweleza kuhusu orodha, kuhusu jina, na kuhusu ile sawa niliyoisema. Hakuacha kukunja.

"Alijifungia mle chumbani kwenye tembe kwa ajili yako," akasema alipomaliza shati alilokuwa nalo. "Alisema watu wakiona moshi nje, mdogo wake ataaibika."

Chumba kile kilikuwa na mlango mmoja tu, dirisha baba aliliziba zamani kwa udongo. Nilikijua. Ndimo nilimokuwa ninalala utotoni.

Nilirudi kazini nikamweleza mkuu wangu kwamba orodha niliyomletea haikuwa kamili. Alisema mhusika ameshafariki, hakuna la kurekebisha, niende nikapumzike. Nilikuwa nataka adhabu, nikapewa ruhusa ya wiki moja. Wiki hiyo nilivitoa viroba vilivyobaki ndani ya tembe, nikavifunga kimoja kimoja. Vilikuwa vinne. Vikakaa kwenye stoo ya ofisi yetu karibu mwaka mzima, mpaka alipopatikana mwenye kibali aliyekuja kuvichukua na gari.

Siku hizi bado ninazisoma zile kanuni. Mwezi uliopita nilikuwa Mungaa. Nikiulizwa bodi zipelekwe wapi ninalo jibu, ingawa bado ni la mbali kwa mtu mwenye baiskeli. Na majina ninayaandika yote. Najua wananiita mkali.

Wifi alirudi kwao Kintinku na watoto. Nilikwenda kuwaona baada ya mavuno. Alinipokea vizuri, akanipikia ugali na mlenda, akaniuliza habari za mvua na za jirani mmoja mmoja. Kaka hatukumtaja. Wakati wa kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani, akasimama na mimi kusubiri gari.

"Watoto wanakuulizia kila mara," akasema. "Njoo kwa ajili yao. Mimi bado sijaweza."

Nikamwambia nimesikia. Gari lilipofika alinipandishia kikapu changu, akanipa mkono, na alipokwisha kugeuka hakuangalia tena nyuma.