Neno "pester", na alasiri Seif alipoondoka kwangu

Wakuu, salaam kwenu nyote. Mimi shule niliishia darasa la nne, mwandiko mtanisamehe. Lakini haya yamenikuta mwenyewe, sikuhadithiwa.

Utotoni kwetu Unguja tulikuwa na punda mtoro. Marehemu baba akimfunga miguu ya mbele kwa kamba fupi, ale majani asifike mbali. Punda yule aliwahi kutafuna kanga ya mama, mpya, Idi pili. Baba alinuniwa wiki nzima. Hilo si la leo.

La leo ni la hapa Muscat, kwangu Hamriya. Mjukuu wangu Zuwena anasoma Kiingereza chuoni. Juzi kaniambia, "Babu, wewe una-pester watu."

Nikamuuliza ndiyo nini.

Akasema ni kumganda mtu kwa maneno, lile kwa lile, mpaka akereke. Kisha akanisomea kwenye simu: asili yake Kifaransa cha zamani, kumfunga farasi miguu asiende.

Nilijua anasema habari ya Seif.

Seif ni rafiki yangu wa miaka thelathini. Mkewe alifariki mwaka juzi. Kila alasiri akija kwangu kunywa kahawa, na kila alasiri mimi nikimtafutia mke. Leo mjane wa Mawaleh, kesho binamu yangu wa Qurayyat.

"Niache kidogo, bwana."

"Uachwe mpaka lini? Hata chai hujui kupika."

"Si nakunywa kwako."

Akicheka, nami nikidhani anapenda.

Sasa nyinyi wa bara pengine hamjui. Huku mgeni akitosheka na kahawa hasemi, huitikisa finjani, na mwenyeji huacha kumimina.

Siku ya mwisho kuja kwangu, Seif alitikisa. Mimi nna habari za mjane mdomoni, nikammiminia. Akatikisa tena. Nikammiminia tena, nikamwambia, "Nshakusemea. Ijumaa wanatungoja."

"Umenisemea kwa nani?"

"Kwa kaka yake."

Wakuu, nilichojifunza ni kuwa kumhurumia mtu hakunipi ruhusa ya kumwamulia. Kama yupo humu aliyewahi kumrudisha rafiki aliyemchosha, aniandikie alifanyaje, maana Seif simu yangu hapokei.

Mtauliza tuligombana vipi. Hatukugombana. Aliiweka finjani chini imejaa, akatafuta viatu vyake, akasema, "Haya Hamed, nakwenda."

Akenda zake. Hajarudi mpaka leo.