Wale Niliowaambia Habari za Chanjo

Siku yangu ya kwanza kazini, Sista Msimamizi wa kliniki ya Soweto West, kule Kibera, hakunipa mgonjwa. Alinipa kiti. Aliniweka kwenye kona ya chumba chake cha mashauri, akawaambia wagonjwa kwamba mimi ni mwanafunzi wake, halafu akaniagiza nifunge mdomo mpaka mchana. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi, sare yangu bado ina mikunjo ya dukani, na nilikuwa nimekuja Nairobi kutoka Vihiga nikidhani kazi ya nesi ni kushika sindano.

Chumba kilipokuwa kitupu aliniuliza, "Umesikia nini?"

"Nimesikia ukiwauliza mambo ya chumbani kama mtu anayeuliza bei ya sukuma wiki."

"Basi umeanza kazi," alisema. "Mtu akifika kwetu, ameshajitukana njia nzima. Wewe usimwongezee."

Ilikuwa kliniki ya magonjwa ya zinaa, ingawa hapakuwa na kibao chenye maneno hayo. Wenyeji waliiita "ile rumu ya mwisho". Tulitibu kwa dalili, yaani kama mtu ana usaha au kidonda, unampa dawa za kumaliza magonjwa yote yanayoleta dalili hiyo, bila kungoja maabara, kwa sababu ukimwambia arudi kesho huenda usimwone tena. Nilijifunza kutumia spekulamu, kile chombo cha kufungulia uke ambacho wanawake walikiita mdomo wa bata. Nilijifunza kukipasha joto kwanza kwa maji ya vuguvugu, ili mama asishtuke. Nilijifunza pia kupima mlango wa kizazi kwa siki. Unaupaka siki, unangoja kidogo, na mahali palipoanza kuharibika panageuka peupe. Pakigunduliwa mapema hivyo, panatibika. Sista Msimamizi aliniambia kwamba hiyo ndiyo sehemu ya kazi yetu anayoipenda, kwa kuwa unamwokoa mtu kabla hajajua kwamba yuko hatarini.

Nilikaa naye miaka mingi, nikaolewa na kuzaa nikiwa pale, kisha nikahamishiwa kliniki ya Gatina, mtaa wa Kawangware. Nilidhani nitakutana na watu wapya. Nilipofika nikakuta nusu ya foleni ni nyuso za Kibera. Watu wa Kibera walikuja kutibiwa Kawangware ili wasionwe na majirani, na wa Kawangware walikwenda Kibera kwa sababu hiyo hiyo. Tukikutana njiani hawakunisalimia, na mimi sikuwasalimia. Ilikuwa ndiyo heshima yetu.

Mkuu wangu wa Gatina alikuwa Klinikal Ofisa, yaani tabibu, mtu mfupi, mwepesi wa mkono, aliyeweza kumaliza foleni kabla ya jua kuwa kali. Tuliheshimiana, lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hatukuliona kwa jicho moja. Serikali ilikuwa imeanza kutoa bure chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka kumi hadi kumi na minne. HPV ni virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Miili mingi huvifukuza yenyewe, lakini kwa baadhi ya wanawake hukaa kimya miaka na miaka, hadi vikaleta saratani ya mlango wa kizazi. Virusi vingine vya jamii hiyo ndivyo vinavyoleta chunjua za sehemu za siri, tulizokuwa tukizichoma kila wiki. Basi mimi niliona kwamba hakuna mahali pazuri pa kuizungumzia chanjo hiyo kuliko chumba chetu. Kila mama aliyekaa mbele yangu nilimwuliza kama ana binti. Vijana waliopita umri huo lakini bado hawajachelewa kuchanjwa niliwaambia ukweli, kwamba ingewafaa, ila kwao haikuwa ya bure. Wengi walitikisa kichwa wakaondoka.

"Sista," Klinikal aliniambia siku moja, "huyu amekuja na usaha, wewe unampa habari za saratani. Unamtisha. Mpe dawa aende, foleni inafika barabarani."

"Akienda nitampata wapi tena?"

"Si kila kitu ni chetu," alijibu, na hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, kama sisi sote.

Nilikuwa nimejifunza namna ya kusema. Ukimwuliza mama, "Ungependa mtoto achanjwe?" umemfungulia mlango wa kukataa. Unamwambia, "Mtoto wako ameshafika umri wa sindano ya kuzuia saratani. Mlete Jumanne." Halafu unanyamaza umsikilize. Swali lililokuja mara nyingi zaidi lilikuwa, "Wewe wako umemchanja?" Mimi nina wavulana tu, ila niliweza kujibu kwamba mjukuu wangu wa kike nilimchanja kwa mkono wangu. Jibu hilo lilifanya kazi kuliko mabango yote ya ukutani.

Kwa Mama Mercy halikufanya kazi.

Alikuwa mama wa Busia, anayepika chapati na maharagwe kijiji cha Raila, Kibera. Alifika Gatina amejifunga leso mpaka puani. Mume wake, aliyekuwa akifanya vibarua vya ujenzi, alikuwa amemletea ugonjwa, na alijua. Nilimsalimia kwa Kiluhya chetu, "Mulembe," akashusha ile leso. Nilimtibu, nikamweleza kwamba uchafu ukikauka arudi baada ya wiki mbili nimpime kwa siki. Kisha nikamwuliza habari za watoto.

"Niko na mmoja tu. Mercy. Ako na miaka kumi."

"Basi uje naye. Umri wake wa sindano ya kuzuia saratani umefika."

Akanitazama kama niliyemtukana. "Sista, mtoto wangu hajui mwanamume."

"Ndiyo maana nataka apate sasa. Inakinga kabla virusi havijaingia. Vikishaingia, haiwezi kuvitoa."

"Watu wanasema hiyo sindano inamaliza uzazi. Niko na mtoto mmoja, Sista. Mmoja. Wakimharibu, mimi nitabaki na nini?"

Nilimweleza. Nilimwambia kwamba haigusi uzazi, nikamwambia habari za mjukuu wangu. Alisikiliza kwa adabu, akanishukuru kwa Kiluhya, akafunga tena leso yake. Hakurudi baada ya wiki mbili. Nilituma ujumbe kwenye simu yake, ukajibiwa na mume. Aliandika kwamba mke wake si malaya wa kuitwaitwa kliniki za namna hiyo, nimwache.

Hatukuwa na nguvu ya kumfuata mtu nyumbani. Kufika mlangoni kwake na sare yangu kungemwaibisha kijiji kizima. Niliendelea na foleni.

Aliporudi, miaka ilikuwa imepita, na sikumtambua kwa uso. Nilitambua sauti. "Mulembe, Sista." Alikuwa amekonda, amekalia mfuko wa nailoni ili asichafue benchi. Alikuwa akitokwa damu kwa muda mrefu, akidhani ni hedhi inayokoma vibaya. Mume alikuwa ameshaondoka, ameoa kwingine. Klinikal alimpima mwenyewe. Alipotoka nyuma ya pazia alivua glavu, akafungua bomba akanawa mikono, akaendelea kunawa hata sabuni ilipokuwa imekwisha mikononi.

"Hapa siki haina kazi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Kidonda kinaonekana kwa macho. Mwandikie hospitali kuu." Halafu, akiwa bado amenipa mgongo, akasema, "Sista, wale wengine, endelea kuwaambia. Foleni nitajua mimi."

Nilikaa na Mama Mercy. Sikumficha. Nilimwambia ni saratani, na kwamba imeshatoka kwenye mlango wa kizazi ikasambaa. Hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Ile sindano ya Mercy bado iko?"

Mercy alikuwa darasa la mwisho la msingi, bado hajapita umri wa chanjo ya bure. Lakini friji yetu ilikuwa tupu. Chanjo ilikuwa imeisha na hakuna aliyejua italetwa lini. Nilipiga simu kituo hadi kituo, nikiomba kama ninayeombea mtoto wangu, mpaka wenzangu wa Soweto West wakasema wamebakiwa na chache.

Tulikutana huko siku ya shule, mama, binti na mimi. Mama Mercy alikuwa ameanza mionzi hospitali kuu, na kila hatua ilimuuma, lakini alikataa kubaki nyumbani. Mercy alikuwa msichana mrefu, mwenye maneno ya haraka ya vijana wa Kibera.

"Sista, hiyo kitu inauma?"

"Kidogo. Kama kuumwa na siafu."

"Siafu wa wapi? Maanake wa ushago, huko Busia, hao ni noma."

Mama yake alicheka. Ndiyo mara pekee niliyowahi kumsikia akicheka. Alimshika binti mkono ule mwingine, akatazama sindano ikiingia mpaka ilipotoka, kisha akasema, "Haya, hiyo imeenda."

Wakati huo ilikuwa dozi mbili, zikiachana miezi kadhaa. Katikati ya dozi hizo, Mama Mercy alifariki. Mionzi ilikatizwa mara mbili kwa sababu ya mashine kuharibika, ingawa madaktari waliniambia kwamba hata isingekatizwa, ugonjwa ulikuwa umetangulia mbali. Watu wa Raila walichanga, akasafirishwa Busia. Nilikwenda mazishini. Mercy alisimama kando ya kaburi, macho makavu, akiwashikia wazee viti. Wanawake walinong'ona kwamba mtoto ana moyo mgumu.

Chanjo ilipoletwa tena Gatina, alikuja peke yake kwa dozi ya pili, akiwa na sare ya shule. Hakuuliza kama itauma. Alikunja mkono wa shati, akageuza uso ukutani, na nilipomaliza akasema asante akarudi kwa shangazi yake Raila.

Nimestaafu sasa. Nilipewa keki, blanketi na hotuba ya Klinikal, ambaye hakuimaliza. Ninaishi hapa hapa Gatina, orofa ya kwanza, na wauguzi vijana hunipitia kuniuliza mambo. Huwaambia waseme mapema, waseme wazi, na wasiogope kwa niaba ya mgonjwa. Huwaambia pia kile ambacho hakuna aliyeniambia mimi, kwamba hata ukisema vizuri utawazika baadhi yao. Uliowaokoa hutawajua, kwa kuwa hawataumwa. Utakaowajua ni wale waliokukatalia. Nyuso zao ndizo utakazozeeka nazo.

Jumamosi iliyopita Mercy alikuja kunitembelea. Amemaliza sekondari. Niliweka chai, tukazungumza habari za matokeo yake, kisha akaanza kuzungusha kikombe mezani.

"Sista, nataka kukuuliza kitu, na usinidanganye. Mathe wangu angepata hiyo sindano akiwa mdogo, angekuwa bado ako?"

"Akiwa mdogo haikuwako. Haikuwa imetengenezwa."

"Na kama angerudi umpime, vile ulimwambia?"

Nilijua namna nyingi za kulizunguka swali hilo. Ningeweza kusema ni mipango ya Mungu, na angeitikia, kwa sababu amelelewa kanisani.

"Nadhani ningekiona kidonda kikiwa bado kidogo," nilimwambia. "Nadhani angekuwa hai."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Halafu akainamisha paji la uso mezani, na kile ambacho hakukifanya kaburini akakifanya nyumbani kwangu, kwa sauti kubwa, mpaka jirani akabisha kuuliza kuna nini. Nilimwambia jirani kwamba ni binti yangu, anamlilia mama yake. Nikafunga mlango, nikavuta kiti karibu, wala sikumwambia anyamaze.