Ukingo wa Ghorofa ya Kumi na Moja

Mume wangu ni fundi wa mbao, lakini ukimwita seremala ananuna. Seremala, anasema, hutengeneza vitanda. Yeye hutengeneza kalibu za kumwagia zege, tena zile za kupinda, ambazo mafundi wengi huzikimbia. Kazini wanamwita Upinde. Walipoanza kujenga lile jengo refu la ofisi, lenye ubavu uliotuna kama mtungi, walimfuata hadi nyumbani kumwomba. Alivimba kichwa mwezi mzima, nami nikamwachia raha yake.

Alikubali kwa sharti moja, binti yetu aajiriwe pamoja naye. Mtoto wa kike kwenye mbao! Ndugu zangu walinicheka hadi nikawaambia kila mtu aangalie ya kwake. Binti alijifunza upesi. Mkono wake mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi.

Kuna ubao mmoja uliokatwa kwa vipimo vya mhandisi, ndio kiolezo. Kila ubao wa kalibu hulazwa chini ya huo, ukachorwa, kisha ukakatwa. Kiolezo ni kizito, kinakaa ghorofa ya chini kabisa, na kukipandisha kunataka watu wawili. Binti yangu akaona ya nini kujisumbua. Akachora ubao mpya kwa kuufuata uliotangulia, na mwingine kwa kuufuata huo mpya. Unene wa mstari wa penseli ukawa unaongezeka ubao kwa ubao, na kwa macho huoni kitu.

Walioona ni wafunga vioo. Vioo vilikuja vimeshapindwa kiwandani, na vilipofika ghorofa ya kumi na moja vikagoma kukaa. Ukingo wa sakafu ulikuwa umetoka nje kwa upana wa kiganja. Ikabidi zege livunjwe.

Msimamizi akauliza ni nani aliyekata zile mbao. Binti yetu alikuwa amesimama pale pale, anatazama buti zake.

"Ni mimi," mume wangu akasema.

Akaachishwa kazi hapo hapo. Alinieleza yote jioni ile, huku anavua viatu.

"Mimi nimeshazeeka, mama watoto. Yeye wakimfukuza kwa hili, nani atamchukua tena?"

"Na jina lako je?"

Akavisukuma viatu chini ya kiti. Nilikasirika, sifichi. Nilimkasirikia yeye, na mwanawe zaidi, aliyepita sebuleni akasema kachoka, anakwenda kulala.

Kesho yake nikamsindikiza mume wangu kuchukua vifaa vyake, maana sanduku ni zito na mgongo wake siuamini. Tulimkuta msimamizi akiwa na binti yetu karibu na rundo la mbao, anamkabidhi kazi ya baba yake. Mafundi waliozoea kumtania Upinde wakajitia kufunga kamba za viatu.

"Kuanzia leo kalibu ni zako," msimamizi akamwambia binti, wala hakupunguza sauti. "Ila uzembe kama wa baba yako sitaki kuuona tena hapa."

Nilimtazama mwanangu. Nilimkazia macho mpaka yakaniuma. Baba yake alikuwa ameinamia sanduku, hatua chache tu, anasikia kila neno.

"Sawa, bosi," binti akasema. "Hutauona."

Mume wangu akafunga sanduku, akashika mpini wa upande wake, akaniambia nishike wa kwangu.